Uso Ambao Lazarus Oloo Hakuuyeyusha

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1959, Bwana Lazarus Oloo atatundika koti lake jeupe kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa chumba cha nta, na siku itakayofuata hatalivaa. Atakuwa ameitumikia Maabara ya Viinitete hapa Mlimani kwa miaka ishirini na minane. Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi ameniomba mimi, Amin Jabir wa stoo, niandike wasifu wake, kwa sababu, anasema, hakuna aliyegombana na Oloo kunishinda mimi. Sikatai. Vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana.

Kwa mgeni aliyeliokota jarida hili kwa bahati tu, nieleze kidogo. Maabara yetu ni ile nyumba ya mabati mekundu nyuma ya hospitali kuu, yenye harufu ya asali na dawa. Kazi yake ni kuchunguza jinsi kichwa kinavyojengwa ndani ya yai: misuli ya taya na ya macho inatoka wapi, na mifupa ya fuvu inajuaje mahali pa kukutana nayo. Tunatumia mayai ya kuku. Ukitoboa kidirisha kwenye ganda unamwona kiumbe mchanga, ndicho tunachokiita kiinitete, akiendelea kuumbwa. Kisha unaziba kidirisha kwa nta, naye anaendelea na shughuli zake kana kwamba hukumchungulia.

Oloo alifika Nairobi kutoka Ugenya akiwa kijana mwenye shati moja na sauti ya kwaya. Aliajiriwa kufagia. Baadaye akakabidhiwa kabati la kuangulia, ambalo siku hizo lilitumia mafuta ya taa na lilikuwa na hasira kuliko mzee mwenye jino bovu. Oloo alilitunza, akayageuza mayai asubuhi na jioni, na kila Alhamisi alipanda baiskeli kwenda shamba moja la Kitisuru kuyachukua mapya. Alirudi kwa njia ya Westlands akiwa ameyalaza ndani ya makapi ya mtama, na kwenye kila mteremko alishuka akaisukuma baiskeli kwa mkono. Watu walimcheka. Mayai yalifika.

Mara moja tu yalimshinda. Shamba lilikuwa na ugonjwa wa kuku, hivyo Oloo akaenda sokoni mjini akanunua kikapu cha mayai makubwa meupe, ya kupendeza macho. Akayaweka kabatini, akayageuza kwa heshima zote. Siku zikapita. Kila yai lililofunguliwa lilikuwa yai tu, la kukaanga. Muuzaji hakuwa na jogoo hata mmoja. Tangu hapo Oloo akikutana na muuza mayai haulizi bei. Anaanza kwa kuuliza habari za jogoo.

Baada ya vita akaja mkuu wetu wa sasa, Daktari Marsh, mwanamke mrefu ambaye hula mkate akiwa amesimama na huzungumza Kiswahili cha kwake mwenyewe. Yeye ndiye aliyetuletea mchezo wa makaa. Alichukua punje ya unga wa makaa kwa ncha ya sindano ya kioo, akaiweka juu ya ukingo mwembamba wa mgongo wa kiinitete, akaziba yai. Siku chache baadaye yai likafunguliwa, na ile punje haikuwa tena mgongoni. Ilikuwa imebebwa mpaka kwenye taya. Tulisimama wote tukatazama. Kumbe nyama inayofanya mifupa ya uso haizaliwi usoni, inasafiri kutoka juu ya kisogo, na misuli inatoka upande mwingine kabisa, kisha zinakutana na kushikana. Oloo alicheka akasema, "Hata mdomo umetoka reserve, kijijini kwao, kuja kutafuta kazi." Chumbani mle hapakuwa na mtu hata mmoja aliyezaliwa Nairobi.

Ila jina lake alilipata kwenye nta. Kiinitete ni kidogo mno. Kichwa chake chote kinaenea juu ya ukucha. Kwa hiyo hukatwa vipande vyembamba, kila kipande kinamulikwa ukutani kikiwa kimekuzwa, kinachorwa kwenye karatasi, na mchoro unakatwa kwenye bamba la nta. Mabamba yakipangwa moja juu ya jingine na kulainishwa kwa kisu cha moto, unapata kichwa kile kile, sasa ukubwa wa boga. Unaweza kukishika, kukigeuza, kutia kidole mahali jicho linapochimbwa. Kazi hiyo inahitaji mkono usiotetemeka na mtu asiyechoka. Daktari Marsh alijaribu vijana kadhaa wenye vyeti. Wa mwisho aliyebaki kwenye kiti alikuwa Oloo.

Nta yetu huletwa na Bwana Musembi kutoka Kitui, ikinuka moshi na maua. Nyuki wa Mlimani nao wana pua. Siku wageni wakubwa walipokuja kutukagua, madirisha yalikuwa wazi, na kundi zima likaingia kudai mali ya wazazi wao. Wageni walikimbilia stoo yangu. Oloo alibaki peke yake na kichwa cha kifaranga mkononi, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani nilioweza kuusikia kutoka mlangoni, na nyuki hawakumgusa. Mpaka leo hasemi ulikuwa wimbo gani.

Na kuna siku ya kizuizi. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya Hali ya Hatari, wakati mtu alikaguliwa hata akienda kununua chumvi. Oloo alikuwa akipeleka kazi yake kwa mpiga picha mjini, akiwa na sanduku begani. Askari akamsimamisha akamwuliza amebeba nini. Oloo, ambaye hajui kusema uongo hata wa adabu, akajibu, "Vichwa tu, afande." Alikaa kituoni hadi Daktari Marsh alipokwenda mwenyewe, akafungua sanduku mezani na kuwasomesha askari misuli ya taya kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Walimwachilia Oloo haraka sana. Nafikiri walitaka somo liishe.

Hapa nitaje desturi yetu, maana bila hiyo hadithi haisimami. Nta ni adimu. Kila kichwa kikishapigwa picha hurudi sufuriani, kinayeyushwa, kinakuwa mabamba ya kichwa kingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mimi mwenye stoo nilihakikisha inabaki hivyo. Oloo alikuwa na neno lake la kuviaga. Alikiweka kichwa taratibu kwenye sufuria na kusema, "Haya, nenda uzaliwe tena." Kazi ya miezi ilizama mbele ya macho yake, naye alikwenda kunywa chai.

Sasa nifike mwaka wa 1955. Nimemwuliza Oloo kama niandike, akasema niandike. Nikamwuliza tena kesho yake, akaniambia nisimchoshe.

Oloo alikuwa mgane wa miaka mingi. Kisha akamwoa Naliaka, binti wa Kimilili aliyekuwa akishona nguo kwa Mhindi mmoja mjini. Kwao Ugenya wapo walionuna kwamba amevuka wasichana wote wa nyumbani akaenda kuoa mbali. Wawili hao hawakuwa na lugha ya mama moja, kwa hiyo nyumba yao, hapo nyuma ya maabara, ilijengwa kwa Kiswahili. Kibovu, nasema hivyo kwa mapenzi, lakini kilitosha. Mwaka huo wakapata mtoto wa kike, Peres. Alizaliwa mdomo wa juu ukiwa umepasuka hadi puani.

Mama yake Oloo alikuja kumwona mjukuu. Akamfunua, akamfunika. Akauliza mbele ya majirani: huyu mke alipokuwa na mimba alimcheka kilema gani? Neno likatoka likaenda, nalo neno la namna hiyo haliombi ruhusa mlangoni. Kutoka Ugenya akaja kaka yake Oloo, Odhiambo, na ujumbe wa wazee kwamba Naliaka arudishwe kwao. Mtoto naye hakuweza kunyonya vizuri. Maziwa yalitokea puani, na alikuwa akikonda. Hospitalini walisema mdomo unaweza kushonwa na wasikawie. Naliaka alikataa. Kama ni adhabu, alisema, nani wa kuishona? Alijifungia ndani, na alipotoka kuchota maji mtoto alikuwa chini ya shuka, uso wote.

Na Oloo? Oloo aliyeshinda kutwa nzima akijenga nyuso kwa mikono yake, jioni moja alimwuliza mkewe, "Kwani ulicheka nani?"

Hiyo ndiyo sehemu aliyotaka niandike.

Wiki hizo alikuwa akikijenga kichwa cha kifaranga wa siku ya nne. Alifanya kazi kimya, bila wimbo, nasi tulimwacha. Alipomaliza, Daktari Marsh alikizungusha kichwa kile mezani, akakunja uso. "Oloo," akasema, "hii uso nafunga mapema. Bado siku yake." Oloo akabisha. Akazileta karatasi zote za michoro, akazitandaza sakafuni, akazipitia akiwa amepiga magoti. Kwenye kila moja, kati ya kipande cha pua na kipande cha taya, palikuwa na nafasi wazi. Aliikata ilivyo kwenye mabamba. Kisha, wakati wa kulainisha, alichukua kisu cha moto akaijaza nta, bamba baada ya bamba, pande zote mbili, mpaka mdomo ukafungika. Alidhani anasahihisha kosa.

Alikuwa amejenga nyuso kama hizo mara nyingi kabla ya hapo, zikiwa wazi, wala hakuzitilia maanani. Mikono yake ilikuwa inajua. Yeye alikuwa bado.

Nilikuwa mlangoni na mkebe wa spiriti. Nilimwona akikaa pale pale sakafuni kati ya karatasi. Kisha akainuka, akapasha kisu moto, akaifungua ile nafasi upya, polepole, kama anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Alipomaliza alimwomba Daktari Marsh ruhusa ya kumleta mkewe Jumamosi.

Naliaka alikuja shingo upande, mtoto akiwa chini ya shuka. Nilikuwapo kwa sababu funguo ni zangu, na nisiseme uongo, hata nisingekuwa na funguo ningekuwapo. Oloo alikuwa amekiweka mezani kichwa cha siku ya nne. Kando yake aliweka kingine kilichokuwa bado kinangoja mpiga picha, cha siku ya tano, nafasi ikiwa imebaki uzi, na cha tatu ambacho mdomo ulikuwa umeshikana. Naliaka alivitazama kwa muda.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuku," Oloo akasema.

"Na imepasuka."

"Haijapasuka. Haijashikana bado. Iko njiani." Akamwelekeza kidole: kipande hiki kinatoka huku, kile kinatoka kule, vinakuja vinakutana hapa. "Yote inaanza wazi. Ya Peres ilikuja, ikakosa kufika."

Naliaka alitia kidole chake ndani ya ile nafasi. "Na mtu?"

"Mtu pia," akasema Daktari Marsh. "Mwezi ya pili kwa tumbo. Mimi pia."

Naliaka alimtazama Daktari Marsh mdomoni bila haya yoyote, kama mnunuzi anayekagua mbuzi. Akamgeukia mumewe. "Na mama yako?"

"Mama pia. Na mimi. Na D.C. Hata Amin hapa, na hiyo mdomo yake yote."

Tulicheka. Naliaka hakucheka. Alisubiri tumalize, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi mbona uliniuliza nilicheka nani?"

Nilitamani kuwa stoo. Oloo alizitazama zile nyuso zake za nta, akamtazama mkewe. "Nilikosa," akasema. "Hapa nilijaza nta sababu sikutaka kuona. Na wewe nilikuuliza sababu hiyo hiyo. Wewe hukufanya kitu, Naliaka. Hakuna kitu ulifanya."

 Naliaka akalitoa shuka usoni mwa mtoto, akamweka Peres begani, uso wake ukitutazama sisi sote. "Jumatatu tunampeleka," akasema, akatoka naye vile vile, mchana peupe, akapita mbele ya majirani.

Peres alishonwa. Daktari aliyemshona aliwaambia wazazi kwamba ngozi si kazi. Kazi ni ile misuli inayozunguka mdomo, maana ilikuwa imekatikia njiani na ilibidi iunganishwe upya, na haijulikani itashika vipi mpaka mtoto aanze kuitumia. Kunyonya alinyonya, na akanenepa, lakini mdomo wa juu ulikuwa mzito na haukusogea sana. Kwa hiyo Oloo alianza kungoja. Kila uji wa Peres aliupuliza mbele yake kwa vituko, ili naye aige. Mtoto alimtazama tu. Siku alipoupuliza mwenyewe, uji ukamrukia baba yake shatini, na Oloo alikuja stoo kunionyesha doa. Nilimwambia aende akabadilishe shati. Alishinda nalo kutwa.

Yule Odhiambo aliyetumwa na wazee naye aliingizwa chumba cha nta, akaonyeshwa vichwa vitatu, akauliza kama nta ile inaliwa. Ila alirudi Ugenya na jibu tofauti na alilotumwa kulichukua, na habari ya kumrudisha Naliaka haikutajwa tena. Mama mkwe alinyamaza kwa mwaka mzima. Kisha akatuma kuku wawili na jogoo. Oloo anasema huo ndio msamaha, na kwamba jogoo ni ushahidi kuwa mama hakufanya mzaha.

Lakini uso wa siku ya nne ulikuwa umeshapigwa picha, na desturi ni desturi. Nilikwenda kuuchukua. Oloo alisimama mbele ya kabati, akaniambia nyingine zote nizichukue, huo hauyeyushwi. Tulivutana juu ya jambo hilo kwa majuma, na jarida hili litaniwia radhi nisiporudia tuliyoambiana. Mwishowe Daktari Marsh alisema anaukosa uso huo kwenye hesabu na hajui ulipo, akiwa ameegemea kabati lenyewe. Niliufuta kwenye daftari la stoo yangu.

Ulipata kazi. Muuguzi Wangeci wa wodi ya wazazi alisikia habari zake, akaanza kumwita Oloo kila alipozaliwa mtoto mwenye mdomo kama ule. Oloo huvua koti, huutia uso kwenye sanduku, anavuka barabara. Anakaa kando ya kitanda cha mama na kumwonyesha kwa kidole: huyu wa huku, yule wa kule, wanakuja wanakutana. Mwenye kumwuliza mama yule alimcheka nani, awe ndugu, awe mama mkwe, awe mchungaji, huombwa naye atie kidole. Ile nafasi imeanza kung'aa kwa kuguswa.

Tulipopanga sherehe ya kumuaga, sote tulikubaliana zawadi iwe huo uso, aende nao nyumbani. Oloo alishukuru, kisha akaanza kuhangaika. Joto la Kisumu analijua. Nta ya Kitui haitafika Ugenya na pua yake. Alifikiria kuufunga na majani mabichi ya migomba, akafikiria kusafiri usiku, akafikiria barafu. Jambo hili limemkosesha raha majuma haya ya mwisho kuliko kustaafu kwenyewe, maana alisema huko nako wamo kina mama wanaoulizwa, na atawaonyesha nini?

Ni Naliaka aliyelimaliza. Alikuja Ijumaa kuchukua vyombo, akamkuta mumewe analipima sanduku. Akasema, "Acha hiyo hapa. Huku mbaki na ya nta. Kule tuko na Peres."

Oloo aliliweka sanduku chini. Kwa hiyo uso unabaki kabatini, na Muuguzi Wangeci akiita, nitakayevuka barabara ni mimi. Nimeshafundishwa cha kusema. Nimeambiwa pia nikiseme kwa kifupi.

Peres alikuwa nje akimsubiri mama yake, ana miaka minne, kovu lake jembamba juu ya mdomo. Kwetu pwani mtoto wa kike hapigi mluzi. Bibi yangu angemfinya. Peres alikuwa amekaa kwenye ngazi ya maabara amekunja midomo yote miwili, akipiga mluzi wa wimbo mmoja wa kanisani, polepole, bila kukosea, na baba yake alikuwa amesimama dirishani na kisu cha nta mkononi, hakati kitu. Wimbo huo niliutambua. Ndio ule wa nyuki.

Bwana Oloo, kwa niaba ya wote wa Mlimani, asante kwa mikono yako, na kwa kukubali siku ile kuifungua ile nafasi. Wewe, Naliaka na Peres tunawaombea safari njema, mvua ya wakati wake na afya isiyopungua. Na huko muendako, mtu akija kumwambia huyo mtoto kuwa msichana hapigi mluzi, mwambieni Amin Jabir wa stoo amesema aachwe apige.